Jicho la Mama Mukwe na Matone Yangu

Nyinyi vijana munaokuja hapa kwangu siku ya posho, yaani jumamosi, eti kunipima presha, kumbe ni kumaliza ndizi zangu, leo mukae chini. Juzi mumoja wenu aliniuliza: “Papa, wakati wa Wabeleji mulikuwa munapasua jicho namna gani, na mugonjwa hajalala?” Halafu mukaanza kucheka mbele sijajibu. Nilikasirika. Nikakula bugali, hasira ikapita.

Leo nitawajibu. Na mutu asinikate maneno kuniambia habari ya vile vichupa vyenu vya plastiki vinavyotoka mu kartoni vikiwa tayari. Sisi dawa ilitoka kwa farmasi mu chupa ya kahawia, ikafungiwa mu kabati, na ufunguo wa kabati ulikaa mu shingo ya Masera, mutawa wetu wa Kizungu, pamoja na musalaba wake. Kuomba matone ya kulalisha jicho ilikuwa kazi ya kuinamisha kichwa mara mbili, mara moja kwa ufunguo na mara moja kwa musalaba.

Matone yenyewe yalikuwa kokaini. Ndiyo, ile ile munayosikia mu redio watu wanafungwa juu yake. Musinitolee macho. Wakati ule kwetu ilikuwa dawa ya jicho tu, na mwenye aliitafutia kazi ingine mu hospitali yetu ya Bukavu ni mutu mumoja, na mutu yule ni mimi.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza mu chumba cha macho. Nilikuwa kijana, shati imepigwa pasi, Kifaransa kinatiririka, nilijua kila kitu. Nikajiuliza: hii maji inalalisha jicho namna gani? Masera akageuka, nikadondosha matone matatu juu ya ulimi. Kwanza uchungu, nikakunja uso. Halafu ulimi ukaondoka. Ulikuwa mu kinywa lakini haukuwa wangu tena, kama kipande cha nyama mutu amenipa nimushikie. Saa ile ile daktari anaingia, ananiuliza wagonjwa ni wangapi. Walikuwa saba. Nikafungua kinywa nimwambie “sept, docteur”, ikatoka sauti ya mbuzi.

Masera akakuja mbio kunusa kinywa changu, anatafuta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nani hajui kwamba vijana wa mutaa wetu wa Kadutu wanakunywa kasiksi asubuhi? Nilitikisa kichwa, nikapiga mikono, nikatoa mate juu ya shati yangu ya pasi. Mwenye aliniokoa ni Muzee Ramazani. Alisema polepole bila kuinua macho: “Masera, huyu hajanywa. Huyu amelamba.” Nikafagia baraza mwezi muzima.

Huyu Muzee Ramazani ndiye alinifundisha kazi. Alikuwa infirmier, muuguzi mukubwa wetu, Muislamu wa Uvira, wa wale ambao babu zao walitoka pwani na biashara. Sisi tulisema mutu, yeye alisema mtu. Sisi tulisema kulalisha jicho, yeye alisema kutia ganzi. Kofia yake nyeupe aliivaa chini ya kofia ya upasuaji, na Masera alishindwa kuitoa mpaka akaacha. Mikono yake ilikuwa mikubwa ya kubeba magunia, lakini kope ya mugonjwa aliifungua na kidole kimoja, na mugonjwa hakusikia kitu.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa iko kazi. Ugonjwa wetu mukubwa ulikuwa mutoto wa jicho. Mu jicho la kila mutu iko kioo kidogo. Uzee unakiharibu polepole, kinakuwa na ukungu, halafu kinakuwa cheupe, na mutu anabaki anaona muangaza tu, haoni watu. Hakuna tone la kukisafisha. Dawa ni kukitoa. Na kukitoa unapasua jicho mutu iko macho, anakusikia, anafikiri, na anaogopa. Ukimulalisha mutu muzima, anaweza kukohoa na kutapika wakati wa kuamka, na jicho lenye limeshonwa uzi mudogo halipendi mutu anayetapika. Ndiyo maana tulilalisha jicho peke yake.

Ramazani alinifundisha hivi. Kwanza matone, mugonjwa amekaa, kidevu juu. Tone la kwanza linachoma, umwambie mapema kwamba litachoma. Afunge jicho. Ungoje. Tone la pili. Afunge tena, juu jicho lenye limelala linasahau kupepesa, linakauka kama samaki juu ya mwamba. Halafu unachukua pamba, unaikunja mpaka ncha inakuwa nyembamba, unaleta kutoka pembeni asiione, unagusa jicho. Akishituka, bado. Akitulia, tayari. “Usimwulize mgonjwa kama amepata ganzi,” aliniambia. “Mgonjwa atasema ndiyo kwa adabu. Liulize jicho. Jicho halina adabu.”

Nyuma ya matone, daktari anapiga sindano ya novokaini, moja mbele ya sikio ili kope zikose nguvu ya kukaza, na ingine chini ya jicho, ndani kabisa. Kichupa cha novokaini unakiweka kwanza mu kiganja kipate joto la mutu, juu baridi ndiyo inauma kupita sindano. Na umwambie mugonjwa: sasa itakuwa giza, usiogope, giza litapita.

Hii ya giza nilijifunza kwa mutu wa Luhwindja, muchimba dhahabu, kifua kama mulango. Nilisahau kumwambia. Sindano ikaingia, jicho likalala, na ule muangaza kidogo alioubakisha ukazimika. Akakaa wima juu ya meza. “Jicho langu liko wapi?” Tukamwambia liko pale pale. Hakusadiki. Kwao, kitu kikipotea mu shimo, hakuna maneno mengi, kila mutu anapekuliwa. Akaanza na mimi. Mifuko yote, na mu soksi. Halafu akamushika daktari wetu Mubeleji, mutu mwenye alikula na gavana, akamugeuza mifuko ya blouse yake nyeupe ya kazi, ikatoka leso, kalamu, na biskuti. Daktari alisimama mikono juu kama mwizi. Tangu siku ile, habari ya giza niliisema mbele ya kusema bonjour.

Daktari huyo tulimuita Bwana Pole-Pole, juu ni neno la Kiswahili alilolijua, mengine yote alisema Kifaransa, na alilitumia kwa kila kitu, kwa sindano na kwa shofeli wa motokari yake. Hakukaa Bukavu. Alikuja mara chache kwa mwaka, anapasua wiki moja, anaenda. Na sasa nafika kwa ile habari.

Mwaka ule, mbele kidogo ya uhuru, Bwana Pole-Pole alikuja akasema ni wiki yake ya mwisho, posho anapanda ndege kwa konje ndefu ya kupumzika Ulaya. Atarudi lini? Hajui. Na wiki ile ile, Muzee Ramazani iko Uvira, amefisha ndugu, iko kwa matanga. Mu chumba cha macho, mutu wa matone nimebaki mimi peke yangu.

Siku ya ine ya wiki ile, asubuhi, natoka kwa baraza kuita wagonjwa. Naona bibi yangu wa ndoa, Nabintu, amekaa juu ya banc ya wagonjwa. Kando yake iko mutu amefunikwa kitenge kichwa chote, kama mukungu wa ndizi unaongojea kuiva. Sikuuliza ni nani. Niligeuka nikaingia ndani, nikagonga paji la uso kwa mulango.

Alikuwa mama mukwe wangu.

Nyinyi wa leo munakula sahani moja na wakwe zenu, munapiga nao picha. Haya. Kwetu Bushi, wakati ule, mukwe na mama mukwe hawaangaliane uso kwa uso. Hawaguse. Hawasemeshane. Akikuona mu njia anajifunika na anaingia mu majani, na wewe unaingia mu majani ya upande mwingine, na njia inabaki bure. Jina lake haulitaje. Mimi ata leo silitaji, na amelala mu udongo siku nyingi. Nilikuwa na miaka saba ya ndoa na batoto batatu, na uso wa mama yule sikuwa naujua.

Nabintu akanifuata ndani.

“Usikimbie,” akasema. “Nimemutoa Mudaka kwa muguu, namushika mukono, tangu usiku haujaisha.”

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeenda Uvira kulia na Ramazani.”

Ilikuwa kweli. Akaendelea, na sauti yake ikabadilika. Jicho la kushoto la mama lilikufa zamani, muganga mumoja wa kijiji alilitia maji ya majani. La kuume lilibaki, na mutoto wa jicho umelijaa. Daktari alikuwa amelipima asubuhi ile, mimi nikiwa nachemsha vyombo. Alisema umeiva kupita kiasi. Likingoja miezi, kioo kitapasuka kule ndani, na jicho litaoza.

“Batoto wetu batatu,” Nabintu akasema, “mama anawajua kwa kuwagusa masikio. Hajaona ata mumoja. Na wewe ndiye mwenye matone. Sasa uniambie, nimurudishe Mudaka?”

Nikasema nitafanya.

Sasa muone ujinga wa mutu mwenye adabu. Nikachukua chupa, nikaingia mu chumba kidogo cha matone. Mama mukwe amekaa juu ya kiti, kidevu juu kama alivyoambiwa, Nabintu amemutolea kitenge. Mimi nikaingia kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume. Nikafika kando yake, uso wangu kwa ukuta, kulikuwa kalenda ya kampuni ya sabuni, nikaisoma kalenda. Mukono ukaenda nyuma peke yake, nikakadiria mahali jicho liko, nikadondosha. Tone la kwanza. Nikangoja. Tone la pili. Nikangoja. La tatu nikaongeza kwa heshima. Halafu pamba. Nikaikunja vizuri sana, namna Ramazani alivyonionyesha, nikaipeleka nyuma, nikagusa. Mama hakushituka. Ata kidogo! Nikajisifu mu roho: Cirhuza, wewe ni fundi, unalalisha jicho bila kuliona.

Nikatoka. Bwana Pole-Pole amesimama kwa mulango wa sal ya kupasulia, mikono imeoshwa, maji yanadondoka kwa viwiko.

“Tayari?”

“Oui, docteur. Tayari kabisa.”

Hilo ndilo neno baya kupita yote niliyosema mu kazi yangu. Mutu anaenda kuchomwa kisu mu jicho moja lililobaki, na mimi nasema tayari kwa habari ya kalenda.

Masera akaanza kusukuma meza ya magurudumu. Saa ile nasikia nyuma yangu mama anasema na binti yake kwa Mashi, luga yetu, sauti nzito, maneno yamevimba. Nabintu akanikimbilia, akanivuta blouse.

“Mama anauliza. Anasema mudomo wake umelala, wa juu na wa chini, na pua upande mumoja imelala. Anasema hakukuja juu ya mudomo. Mudomo wake iko muzima. Munataka kumupasua mudomo?”

“Na jicho?”

“Jicho liko sawa tu. Anasema mulimugonga pua na kitu laini, akafikiri ni nzi, akavumilia, juu hawezi kufukuza nzi mbele ya mukwe.”

Watoto wangu, hapo ndipo nilielewa. Matone yote matatu yalitelemuka kando ya pua mpaka kinywani. Na pamba niligusa pua. Na mama alitulia kwa adabu, kama vile nilivyogeuka kwa adabu. Adabu yangu na adabu yake zilikutana pale na zikataka kumaliza jicho.

Ningeweza kunyamaza. Kuna mutu angejua? Daktari angepiga sindano yake ya ndani, labda ingetosha, labda hapana. Lakini labda ile ilikuwa na mama mukwe ndani yake. Nikakumbuka Ramazani, kila mara nilipoficha kosa aliniambia: “Mficha uchi hazai.” Nikamwendea daktari.

“Docteur, haiko tayari. Nimelalisha mudomo.”

Akanitazama. “Juu ya nini mudomo?”

“Sikuangalia, docteur.”

“Uliangalia nini?”

“Kalenda.”

Masera akapiga ishara ya musalaba. Nikaeleza yote, mama mukwe, njia, majani, kinyumenyume. Nilingojea anifukuze kazi. Bwana Pole-Pole akaweka viwiko juu ya kifua, akainama, mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri ni hasira. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na hakuweza kujipangusa juu mikono imeoshwa. Masera alimupangusa. Halafu akaacha kucheka mara moja.

“Cirhuza, sina mutu mwingine. Masera anashika vyombo, wewe unashika kichwa. Kama hauwezi kumuangalia, siwezi kumupasua. Na miye posho nakwenda.”

Nikarudi mu chumba kidogo na neno hilo. Nikasimama kwa mulango, mugongo kwa mama, nikamwambia Nabintu yote. Nabintu akamwambia mama. Mama akauliza binti yake kitu kimoja: wakati wa kupasua, mugonjwa anakuwa uso wazi, au wanamufunika?

“Wanamufunika,” nikajibu, kwa Nabintu. “Kitambaa cheupe cha uso wote. Kina tundu moja, ya jicho.”

Mama akapiga ulimi wake uliolala, ikatoka sauti mbaya.

“Nabintu,” akasema, “umwambie huyo mutu iko mujinga. Kitambaa chenye tundu kiko, na ananiwekea dawa uso wazi? Mwanamuke amejifunika ni amejifunika. Tundu haiko uso. Alete!”

Masera alikataa kitambaa cha sal kitoke nje, eti kitachafuka. Akatoa kingine cha zamani, kimefuliwa mpaka ni kama hewa. Nikamupa Nabintu, akamufunika mama. Halafu nikageuka.

Kitambaa cheupe. Tundu. Na mu tundu iko jicho moja, jeupe katikati kama maziwa, linapepesa. Hakukuwa mama mukwe. Kulikuwa jicho, na macho niliyajua. Tone moja, funga, ngoja. Tone la pili, funga, ngoja. Pamba kutoka pembeni, nikagusa: kimya. Nikagusa tena, mara hii kwa haki. Tayari.

Mu sal, shida ingine. Sindano imeingia, giza nimelisema mapema, jicho limelala. Sasa kazi yangu ni kushika kichwa na kumusemesha mugonjwa asiogope, asikaze, asiinuke. Na mimi siwezi kumusemesha. Nabintu haruhusiwe kuingia. Basi nikafanya namna wazee walivyofanya, nikasemesha kitu kingine asikie.

“Wewe ukuta,” nikasema, “umwambie mama akaze kope kwa nguvu, tuone kama imelala.”

Kope hazikutikisika. Vizuri.

“Wewe ukuta, umwambie mama asijibu kwa kinywa, kinywa kinatikisa kichwa. Kama amesikia, achezeshe kidole kikubwa cha muguu.”

Chini ya shuka, kule mbali, kidole kikacheza.

Daktari akasimamisha kisu. “Cirhuza anasema na nani?” akamuuliza Masera.

“Na ukuta, docteur,” nikajibu mwenyewe.

“Na ukuta unajibu?”

“Unajibu kwa kidole cha muguu, docteur.”

“Pole-pole,” akasema Bwana Pole-Pole, na sikujua ananiambia mimi, ama ukuta, ama yeye mwenyewe. Akapasua.

Munajua hali ya jicho lililo wazi? Liko kama yai ambalo umetoboa ganda. Mutu akikohoa, akikaza, akiinua kichwa, maji mazito ya ndani yanatoka, na kile kilichotoka hakirudi. Daktari yuko kwa ile saa yenyewe, ameshika kioo kibovu na chombo, anakivuta kidogo kidogo. Na mvua ya Bukavu, hamuijue? Haibishe hodi. Ikaanguka yote mara moja juu ya mabati ya hospitali. Kelele! Ukuta wangu ukanyamaza. Nilisema, sikujisikia mwenyewe.

Mama mu giza, chini ya kitambaa, hasikie tena mutu. Kidole cha muguu kikaacha. Nikasikia shingo yake inakaza mu mikono yangu. Mukono wake ukatoka chini ya shuka, unatafuta hewani. Akafikiri wote tumekimbia, tumemuacha peke yake na jicho lake wazi. Kichwa kikaanza kuinuka. Masera akafungua kinywa, sikusikia alisema nini.

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningesoma kalenda. Niliinama mpaka mudomo wangu ukagusa kitambaa, pale sikio liko, nikasema:

“Mama. Mama yangu. Ni miye, bwana ya Nabintu. Niko hapa, nimekushika. Usiinuke. Sikuache.”

Shingo ikalegea. Ikalegea yote, kichwa kikakuwa kizito mu mikono yangu kama kichwa cha mutoto amelala. Nikaangalia kule chini. Kidole cha muguu kikacheza, mara moja. Na Bwana Pole-Pole akatoa kioo, kiini chake kahawia kama punje ya maharagi, akakiweka mu sahani, akaanza kushona.

Nyuma ya pale nilienda nje mu mvua, nikalia. Museme munavyotaka.

Siku zile mugonjwa wa jicho hakurudi nyumbani jioni kama leo. Wiki nzima analala chali, macho yote yamefungwa, mifuko ya muchanga kila upande wa kichwa. Daktari alipanda ndege yake, akaniachia maneno mu karatasi, na Ramazani akarudi. Mimi sikukaribia sal ya kulala ya wanawake. Nilijua nimevunja neno la wazee: nimemusemesha mama mukwe mu sikio, tena nimemuita mama yangu. Nikauliza Nabintu kila jioni: amesema nini? Hajasema kitu. Habari ya mvua je? Hajasema kitu. Miaka saba sikusikia mama mukwe akinisemesha na haikuniumiza. Ile wiki ikaniumiza sana.

Siku ya kufungua, Ramazani alinituma kushika taa. Nikakataa. Akasema, “Uliweza kushika kichwa, utashindwa taa?” Nikaenda, nikasimama pembeni, nikageuka kwa ukuta, mukono umenyoosha taa nyuma. Hakukuwa ata kalenda.

Nilisikia bande ya jicho inatoka. Nilisikia Ramazani anasafisha kope na maji ya vuguvugu. Jicho lenye kioo chake kimetolewa halioni vizuri bila miwani nzito, basi akamuwekea mbele ya jicho kioo cha kupima, kinene kama chini ya chupa. Sikusikia mutu akifurahi. Nilifikiri: limekufa. Nimeliua na matone yangu.

“Nabintu,” sauti ya mama ikasema, “huyu mutu wa taa ndiye alinisemesha mu mvua?”

“Ndiyo, mama.”

“Umwambie ageuke.”

“Mama, haiwezekani…”

“Aliniita mama yake na jicho langu wazi. Sasa nimufunikie nini? Ageuke!”

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza nilimuona: mama mudogo, uso wa Nabintu wenye mikunjo, jicho moja limefungwa, na ingine nyuma ya kioo, kubwa sana, jeusi, safi kabisa katikati. Lilianzia juu ya nywele zangu. Likatelemuka paji la uso, likakaa kwa pua wakati murefu, likapita masikio, moja halafu ingine, likafika kidevu, likarudi kwa pua. Miguu yangu ilitaka kuondoka.

Akashusha pumzi. Akageukia binti yake.

“Nabintu,” akasema, “miaka yote saba uliniambia iko muzuri.”

Sal nzima ikapasuka kwa kicheko. Masera hakujua Mashi, akanivuta mukono, anataka kujua mugonjwa amesema nini, aandike mu fiche ya mugonjwa. Machozi yananishuka mpaka kwa shati, pua yangu yote maji, sijui nacheka ama nalia.

“Andika, Masera,” nikamwambia. “Andika kwamba anaona. Anaona vizuri sana.”